Mavazi ya Idd na harusi: Tujipambe pasi na israfu

 

Ndugu Waislamu, kila inapokaribia Idd au harusi, familia nyingi huingia katika mvutano kwa sababu ya mavazi. Mama anataka gauni jipya, watoto wanataka nguo na viatu, na baba anahesabu kilichomo mfukoni. Katika harusi hutangazwa sare ya kitambaa cha aina moja, na asiyeweza kukinunua hubaki nyumbani kwa kuona haya, hata akiwa ni shangazi wa bibi harusi. Yafaa tutazame dini yetu inatuelekeza nini.

Awali ya yote, kujipamba si jambo baya. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 31 na ya 32, Mwenyezi Mungu anawaelekeza wanaadamu wavae vizuri wanapokwenda kwenye ibada, anakataza israfu, kisha anamkemea mwenye kuharamisha pambo alilowatolea waja wake. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Sayyidna Umar (R.A.) aliona joho la hariri likiuzwa sokoni, akamshauri Mtume (S.A.W.) alinunue ajipambe nalo. Mtume alilikataa kwa kuwa hariri ni haramu kwa wanaume. Wanazuoni wamechukua hapo dalili kwamba kujipamba kwa Idd kulikuwa kumezoeleka, kwani kilichokataliwa ni hariri tu.

Pamoja na ruhusa hiyo, lipo onyo. Abu Daud na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.) Hadithi inayomwonya mwenye kuvaa vazi la umaarufu, kuwa Siku ya Kiama atavishwa vazi la udhalili. Wanazuoni wamefafanua kuwa hilo ni vazi ambalo mtu hulivaa ili macho yote yamgeukie, liwe ni la thamani kubwa kwa ajili ya kujifakharisha, au ni duni mno kwa ajili ya kujionesha mcha Mungu.

Je, asiye na uwezo afanye nini? Bukhari amepokea kuwa Bi Aisha (R.A.) alikuwa na vazi la thamani ya dirhamu tano, na wanawake wa Madina walikuwa wakiliazima ili kuwapambia maharusi. Aidha, Ummu Atiyya (R.A.) amesimulia kuwa wanawake walipoamrishwa kutoka kwenda kwenye Sala ya Idd, iliulizwa habari ya asiye na jilbabu. Mtume akaagiza ndugu yake amvishe katika jilbabu zake. Basi kuazima nguo si aibu, na kuazimisha ni wema.

Katika kuchagua, gauni pana la kitambaa kizito kiasi, lenye nakshi shingoni na mikononi, huweza kuvaliwa Idd zote mbili na harusini pia. Mwanamme humtosha kanzu nyeupe safi, kofia na manukato. Nguo za watoto zishonwe na pindo pana la kufumuliwa, kwani baina ya Idd el-Fitr na Idd el-Hajj hupita takriban siku 70 tu. Kitambaa kipelekwe kwa fundi tangu mwezi wa Shaaban. Wengi wetu hulipoteza kumi la mwisho la Ramadhani madukani, na humo ndimo unamotafutwa usiku wa Laylatul Qadr.

Kwa wenye harusi, ni bora kutangaza rangi badala ya kitambaa maalumu, ili kila mmoja avae alichonacho. Na katika ukumbi wa wanawake watupu, ambamo kina mama huvua mabaibui na kuonesha mapambo yao, simu ziachwe mlangoni. Picha moja ikitumwa huwafikia wanaume wasiohusika kwa muda mfupi, na stara ya mwenzio ni amana.

Baba asikope kwa ajili ya nguo ya siku moja, nasi tusimlazimishe. Mwenyezi Mungu atupambe kwa vazi la uchamungu, na azitie baraka sherehe zetu. Amin.