Okapi yarudi kitaluni

Safari ya Mtwara ilikuwa ya kutafuta habari za miche ya mikorosho: bei yake, wanunuzi wake, na akina mama wanaoiotesha kwenye vitalu vidogo vidogo kandokando ya barabara. Habari hiyo bado haijaandikwa, kwa sababu ya mlio. Mbebeshaji mmoja wa miche, mama wa makamo aliyekaa kwenye kigoda chini ya kivuli cha makuti, alitoa kisu cha kukunja kwenye kikapu chake na kukifungua taratibu. Kikalia kra-kra-kra-kra, kama saa ya ukutani inayotiwa ufunguo.

Wasichana waliokuwa wakijaza udongo kwenye viriba hawakuinua hata macho. Wameuzoea. Lakini yeyote aliyewahi kuishi Johannesburg, Lusaka au Kingston angegeuka upesi, pengine angerudi nyuma hatua moja. Ule ni mlio wa Okapi, na katika miji hiyo watu huutambua kabla hawajakiona kisu chenyewe.

Mama huyu alikuwa amekiacha kisu hicho kwa miaka. Sasa amekirudia, na sababu zake ndizo zilizofanya mazungumzo ya bei ya miche yasahaulike.

Kwanza kisu chenyewe. Mpini ni wa mbao ya kahawia, umepinda kidogo ili ukae vizuri kiganjani, nao umetiwa vipande vyembamba vya bati vilivyokatwa kwa umbo la hilali na nyota. Ubapa ni wa chuma cha kaboni, mrefu, wenye ncha iliyochongoka. Mgongoni, karibu na bawaba, imening'inia pete ndogo ya chuma. Mtu asiyekijua kisu hiki hudhani pete ni ya kutundikia funguo. Kumbe ndiyo roho ya chombo.

Ndani ya mgongo wa mpini umelazwa ukanda wa chuma unaofanya kazi ya springi, na karibu na bawaba ukanda huo una tundu. Kisigino cha ubapa, ile sehemu iliyofichwa ndani ya mpini, kimechongwa meno. Ubapa unapoinuliwa, meno hupita kwenye tundu moja baada ya jingine. Springi huinuka, huanguka, huinuka tena, na kila anguko hutoa mlio wake. Ubapa ukinyooka, jino la mwisho hunaswa na kisu hujifunga. Hapo hakikunjiki mpaka mtu avute pete, pete iinue springi, meno yaachiliwe. Ukisahau pete ukalazimisha kwa nguvu, kisu hakikusikii. Visu vya kukunja vya Hispania, hasa vile vya mji wa Albacete vinavyoitwa navaja, vilikuwa na mtindo huu wa meno na pete kabla ya Okapi kuzaliwa.

Kwa mbebeshaji, anaeleza mama huyu, faida ya meno hayo ni moja tu, nayo ni kubwa: vidole. Kubebesha ni kazi ya kukata ukielekea kwenye mkono wako mwenyewe. Kikonyo, yaani kitawi kinachopachikwa juu ya mche, hushikwa kwa kidole gumba na cha shahada, kisha ubapa huvutwa kukijia kifua. Kisu cha kukunja kisichojifunga kinaweza kurudi kwenye mpini katikati ya mkato na kula kidole. Makovu yaliyo kwenye mkono wake wa kushoto, anasema, yote ni ya miaka aliyotumia visu vingine.

Okapi ni kisu chenye asili ya safari. Kilianza kutengenezwa mwaka 1902 nchini Ujerumani, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Jina lilikuwa bichi kabisa. Mwaka 1901 tu ndipo wanasayansi wa London walipomtambua rasmi mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, mwenye miguu ya milia na undugu na twiga. Habari zake zilifikishwa kwao na Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza nchini Uganda. Yeye alisimuliwa na Wambuti, watu wa msituni, baada ya kuwaokoa baadhi yao kutoka kwa Mjerumani mmoja aliyetaka kuwapeleka kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Wambuti walikuwa wakimjua mnyama huyo tangu zamani. Kwa Ulaya alikuwa kioja kipya, na jina lake likafaa kupigwa muhuri kwenye bidhaa ya kuuzia Waafrika.

Mtwara, Lindi na Mikindani wakati huo vilikuwa chini ya Wajerumani. Miaka 3 baada ya kisu kuanza kutengenezwa, vita vya Majimaji vikawaka kusini. Na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawanyang'anya Wajerumani makoloni yao yote. Wakaondoka na bendera zao. Kisu kikabaki kikiuzwa, kikavuka mipaka ambayo wenyewe hawakuwahi kuitawala, kikafika hadi Jamaika, ambako vijana wa mitaani walikigeuza sehemu ya mavazi. Wimbo wa kundi la The Slickers, "Johnny Too Bad", uliomo katika filamu ya mwaka 1972 "The Harder They Come", unamtaja kijana anayetembea mjini akiwa amekichomeka kiunoni pamoja na bastola.

Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini, na huko ndiko kinakotoka hadi leo. Chombo kilichobuniwa ughaibuni ili kiuzwe Afrika sasa kinafuliwa Afrika. Je, kimekuwa cha Kiafrika? Mama wa Mtwara alipoulizwa, alijibu kwamba chuma hakina kabila, kisha akaomba apewe ukanda wa nailoni ili amalize mche aliokuwa ameushika.

Yeye alikipata kwa mjomba wake, aliyerudi kutoka Msumbiji akiwa na vitu vichache sana, kisu hicho kikiwa kimojawapo. Mjomba alikitumia kumenyea mihogo na kuchinjia kuku. Alipojifunza kubebesha, mpwa akakiomba.

Kazi yenyewe inahitaji kuelezwa, maana ndiyo inayokipima kisu. Mbegu ya korosho haiaminiki. Mti unaochipua humo huweza kutofautiana kabisa na mama yake. Anayetaka uhakika hukata kikonyo kutoka mti uliothibitika kuzaa vizuri, akakipachika juu ya mche mchanga wa wiki 6 hadi 8. Majani ya kikonyo huondolewa siku 7 hadi 10 kabla ya kukatwa, ili jicho la juu livimbe likiwa tayari kuchipua. Siku ya kubebesha, kichwa cha mche hukatwa, shina hupasuliwa katikati kwenda chini sentimita chache, kikonyo huchongwa umbo la kabari na kuingizwa kwenye mpasuko. Kisha hufungwa kwa ukanda wa nailoni na kufunikwa kimfuko kuzuia kisikauke.

Siri imo katika utando mwembamba wa kijani ulio chini ya gome. Utando wa kikonyo usipogusana na utando wa mche, hakuna kuungana. Na ili vigusane, kabari lazima iwe na nyuso mbili zilizonyooka, kila uso umekatwa kwa mvuto mmoja. Ukirudiarudia, uso unakuwa na mawimbi. Penye bonde hewa huingia, pakauka, pakaoza. Kisu butu ni kibaya zaidi, kwa kuwa husaga nyama ya mti badala ya kuikata. Mama huyu huinua kila kabari kwenye mwanga na kuitazama kwa upande. Isipong'aa, huitupa.

Kwa nini basi alikiacha kisu chake?

Anataja sababu mbili, na ya kwanza anaitaja kwa uchungu. Ilikuwa ndani ya basi. Alikuwa anamenya chungwa, na mlio ulipotoka abiria waliokaa karibu naye walihama. Mzee mmoja alimwuliza, kwa heshima lakini kwa sauti ya kusikika, mwanamke mtu mzima anatembea na kisu cha majambazi kwa nini. Hakuwa na jibu la haraka. Nchini Afrika Kusini jina la Okapi limehusishwa mno na magenge na kesi za kuchomana visu, na sifa hiyo ilisafiri kaskazini pamoja na watu waliorudi kutoka migodini na mijini. Alipofika nyumbani alikifunga kisu kwenye kitambaa na kukitia sandukuni.

Sababu ya pili ni kwamba vilikuja vitu vipya. Visu vya kukunja vya chuma cha pua vilikuwa vimejaa madukani, vinang'aa, havishiki kutu, havina kelele. Vilevile vilikuja visu vya kukatia karatasi, vile vya kusukuma wembe na kuvunja ncha ikishakuwa butu. Alitumia vyote. Visu alivyonunua vya chuma cha pua, anasema, vilikuja na makali mazuri, lakini yakishakwisha hayakurudi tena kwa jiwe lake la kawaida. Wembe wa karatasi ni mkali sana, ila ni mwembamba. Ukikutana na kikonyo kilichokomaa hupinda, na mkato hupinda nao.

Kisha ukaja msimu ambao miche mingi ilikufa. Hapa yeye mwenyewe ni mwangalifu. Mvua zilichelewa mwaka ule, na baadhi ya vikonyo alivyoletewa vilikuwa laini mno. Hawezi kuapa kwamba wembe ndio uliokosea. Lakini alipofungua kanda za nailoni na kutazama mipasuko iliyokauka, aliona mawimbi. Siku hiyohiyo akafungua sanduku.

Kisu kilikuwa na kutu. Chuma cha kaboni hakisamehe: ukikiacha na unyevunyevu wa pwani hula rangi ya chungwa kwa muda mfupi. Alikisugua kwa majivu na mafuta ya nazi, akakinoa kwenye jiwe lenye maji, kwanza upande mmoja mpaka ukawa tambarare, kisha upande wa pili kwa kuugusa tu. Anapendelea upande mmoja uwe bapa ili kisu kisikimbie nje ya mstari. Chuma cha kaboni hukubali jiwe upesi, na kwake hilo ndilo lililo kuu kuliko kung'aa.

Tangu arudi kwenye Okapi, ubapa umekuwa mweusi. Wateja huudhania mchafu. Utomvu wa mkorosho una tanini, na tanini ikikutana na chuma huacha doa jeusi la samawati lisilotoka. Weusi huo hauharibu makali. Yeye hufuta ubapa kwa kitambaa chenye spiriti baada ya kila mche, ili ugonjwa usihame kutoka mti hadi mti, na jioni huupaka mafuta. Kwenye meno ya kisigino hutumia unyoya wa kuku kuondoa vumbi, kwa sababu uchafu ukijaa mle springi haiangukii mahali pake na kisu hakijifungi sawasawa.

Anapopanda basi siku hizi hukiweka chini kabisa ya kikapu, kimefungwa kwenye khanga, na hakifungui mpaka afike shambani. Hofu ya abiria wale anaielewa. Kuna watu walioumizwa kwa visu vya aina hii, na mlio unaompa yeye usalama wa vidole uliwatangulia wengine kwenye jeraha. Aliulizwa kama angeona vyema viwanda viondoe meno ili kisu kifunguke kimyakimya. Alifikiri kwa muda mrefu. Kisu kisicho na mlio, alisema hatimaye, humsaidia nani? Halafu akaongeza kwamba hajui kama swali hilo amelijibu au amelikwepa.

Jambo linalomsumbua sasa ni wanafunzi wake. Wasichana wale wa viriba wataanza kubebesha msimu ujao, na kila mmoja anahitaji kisu. Amenunua Okapi mpya moja kwa majaribio. Springi yake ni ngumu kuliko ya ile ya zamani, jambo ambalo analiona zuri. Lakini ubapa ni mnene, kwa kuwa haujapita kwenye jiwe kwa miaka kama ule wa mjomba, ambao umeliwa na kunolewa hadi ukawa mwembamba na mfupi. Huenda ubora anaousifu ni wa miaka ya kunoa zaidi kuliko wa kiwanda, na kama ni hivyo, wasichana hawawezi kuununua dukani.

Kwa hiyo ameamua kupima. Kitaluni kuna mistari miwili ya miche iliyobebeshwa asubuhi moja, kwa vikonyo vya mti mmoja na mkono uleule. Mstari wa kushoto umekatwa kwa kisu cha mjomba, wa kulia kwa kipya, na kila mstari una kijiti chenye uzi wa rangi yake. Vimfuko bado havijafunguliwa. Macho yakianza kuchipua atahesabu, na wasichana wameshaambiwa wasinunue kisu chochote kabla ya hesabu hiyo.