Nyayo za Laetoli: Hazina Iliyofukiwa Isipotee

Katika nchi jirani ya Tanzania, kusini mwa bonde la Olduvai, pana mahali paitwapo Laetoli. Hapo, mwaka 1978, kikundi cha wataalamu kilichoongozwa na Bibi Mary Leakey kiligundua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka ipatayo milioni 3.66 iliyopita. Mapito hayo yana urefu wa kama mita 27. Majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua yalipokea alama za miguu, yakakauka na kugandamana, kisha majivu mengine yakaja kuzifunika.

Shida ya wahifadhi ni mwamba wenyewe. Mfupa uliogeuka jiwe huweza kuchimbuliwa, ukafungwa kwa plasta na kupelekwa katika jumba la makumbusho. Unyayo hauna mwili. Ni umbo tu lililobaki katika mwamba, na mwamba ukimeguka hakuna tena cha kuhifadhi. Na huu wa Laetoli ni wa majivu: mahali pengine ni mgumu, pengine umechakaa na kulegea. Jua, mvua na kwato za ng'ombe vingetosha kuumaliza.

Mwaka 1979 nyayo zilifukiwa kwa mchanga na mawe ya volkano. Shauri lilikuwa jema, lakini ndani ya mchanga ule mlikuwa na mbegu za migunga. Mbegu zikaota, zikawa miti iliyopita kimo cha mtu, na mizizi ikapenya kule kule kulikokusudiwa kulindwa. Mlinzi, twaweza kusema, ndiye aliyemfungulia mwizi mlango.

Katika miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ikishirikiana na Taasisi ya Getty ya Marekani, ilishika kazi. Kwanza miti iliuawa kwa dawa. Kisha, mwaka 1995 na 1996, nyayo zilifunuliwa sehemu kwa sehemu. Mizizi haikuvutwa, kwani ingeubomoa mwamba. Ilikatwa kidogo kidogo, na matundu yakazibwa. Palipolegea palinyweshwa gundi nyepesi ili chembe zishikamane. Hatimaye zikafukiwa tena: mchanga uliochekechwa, vitambaa maalumu, kimojawapo chenye dawa ya kuzuia mizizi, kisha udongo na mawe.

Wapo waulizao kwa nini hazina ya namna hii ifichwe, na wazo la kujenga jumba la makumbusho juu yake limekwisha tolewa. Twawaelewa, nani asiyependa kuziona? Lakini paa huzuia mvua tu. Unyevu wa ardhini hupanda, hukauka juu ya mwamba na kuacha chumvi inayoupasua taratibu. Kwa maoni yetu, nakala zilizofinyangwa zamtosha mtazamaji.

Wazee wa Kimaasai wa sehemu hiyo walishirikishwa, jambo la busara, maana wao ndio wakaao karibu na hapo. Kazi iliyobaki haina sifa wala haina mwisho: kukizuru kituta hicho na kung'oa kila mche wa mgunga unaochomoza.