DAMU KWENYE BROSI YAKO INATOKA WAPI?

Asubuhi ukisugua meno na kutema mate mekundu, unafanya nini? Wengi katika kambi wananijibu: «Naweka brosi kando, naacha ufizi upumzike, damu ikikauka nitaanza tena.» Mimi mwenyewe, miaka ya kwanza ya kazi yangu katika dispanseri, nilimupa mugonjwa shauri hilo hilo. Alikuwa shofere wa kamio kubwa la karieri, mutu wa nguvu. Nilimuambia apumzishe meno, asukutue kwa maji ya chumvi tu, akarudi kwenye posti yake. Baada ya miaka miwili alikuja na jino la mbele ndani ya kitambaa. Lilitoka lenyewe alipouma muhindi wa kuchoma. Jino lile lilikuwa zima, jeupe, bila tundu hata moja. Munganga wa meno alipomuangalia, akakuta mengine matatu yanacheza.

Jino zima linatoka namna gani? Jino ni kama nguzo: limechimbiwa katika mufupa wa taya, na kati ya muzizi na mufupa kuna nyuzi ngumu zinazolifunga. Ufizi unalizunguka juu kama kola ya shati. Kati ya ufizi na jino kuna mufereji mudogo. Kwa mutu muzima kina chake ni milimeta 1 mpaka 3. Humo ndimo mikrobi zinapenda kukaa. Ukisugua asubuhi, jioni utando umeanza kushika tena. Unausikia kwa ulimi, kitu cha utelezi. Ukiuacha siku nyingi, madini ya mate yanaugeuza kuwa jiwe, na jiwe hilo brosi haiwezi kulitoa.

Mwili nao haulali. Mikrobi zikirundikana, mishipa midogo ya damu ndani ya ufizi inapanuka, kuta zake zinaachilia maji ya damu, na chembe nyeupe, ndizo askari wetu, zinatoka na kukimbilia kwenye mufereji. Kwa sababu hiyo ufizi unakuwa mwekundu, unavimba, na ukiguswa kidogo tu unatoa damu. Basi si brosi iliyoleta ugonjwa. Brosi imekuonyesha tu kwamba vita vimeanza. Ukiiweka kando, adui anaongezeka, na mwili unatuma askari wengine.

Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake katika Aarhus, inchi ya Denmark, waliandika juu ya jaribio lao. Watu 12 wenye ufizi muzima walikubali kuacha kabisa kusugua meno. Kati ya siku 10 na 21, wote walipata ufizi mugonjwa. Walipoanza tena kusugua, ufizi ukapona kwa muda mufupi.

Lakini vita vikikaa miaka, askari wenyewe wanaharibu nyumba. Chembe nyeupe zinapigana kwa kutoa vitu vikali vinavyoyeyusha. Vinaumiza mikrobi, lakini vinakata pia nyuzi zinazofunga jino. Tena chembe hizo zinatuma habari zinazoamsha chembe zingine, ambazo kazi yao ni kula mufupa. Katika mwili muzima zinakula mufupa wa zamani ili mupya ujengwe mahali pake; hapa zinakula, na wajenzi hawafuati. Mufupa unashuka, ufizi unaachana na jino, mufereji unageuka mufuko wa milimeta 4, 5, 6 na zaidi, ambako brosi haifiki. Mara nyingi hakuna maumivu. Shofere wangu hakukosa kazi hata siku moja kwa ajili ya meno. Na mufupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe.

Kuna atakayesema: «Babu yangu hakujua brosi, akazikwa na meno yake yote.» Ninakubali. Tangu 1970 mpaka 1985, Löe na wenzake walifuata wanaume 480, wafanyakazi wa mashamba ya chai katika Sri Lanka, ambao hawakuwa na desturi ya kusugua meno. Wote walikuwa na uchafu na jiwe la meno. Asilimia 8 ugonjwa uliwaendea mbio, asilimia 81 uliwaendea kwa mwendo wa kati, na asilimia 11 haukupita ufizi. Mikrobi ni tele kwa wote, lakini kila mwili unapigana kwa namna yake. Labda babu alikuwa wa wale 11. Wewe uko katika kundi gani? Hakuna anayeweza kukuambia mapema kwa kukutazama usoni.

Wavuta sigara, angalieni. Tumbako inabana mishipa, damu haitoki sana, na mutu anafikiri ufizi wake ni muzima wakati mufupa unaliwa chini. Mwenye ugonjwa wa sukari naye ufizi wake unaharibika upesi, na ufizi mugonjwa unafanya sukari iwe ngumu kushusha; atuambie anapokuja. Mwanamuke mwenye mimba anaweza kuona damu zaidi, asiache kusugua. Na zile kapsule za rangi mbili mnazonunua sokoni moja-moja haziondoi jiwe. Mnatupa feza.

Tumia brosi laini, yako peke yako. Ilaze pale ufizi unapokutana na jino, sugua polepole dakika 2, asubuhi na mbele ya kulala. Usitumie mchanga. Siku za kwanza damu itaonekana, endelea. Kama baada ya majuma mawili ingali inatoka, au ufizi unatoa usaha, au jino linacheza, jiwe liko ndani: njoo tukutume kwa munganga wa meno alikwangue. Kama damu inatoka pasipo kuguswa na haikomi, au ngozi ina madoa ya damu, njoo siku ile ile.

Shofere yule alipoteza jino lingine. Mawili yaliyobaki yalikwanguliwa na yanashika mpaka leo. Mwezi uliopita aliniletea kijana wake wa kwanza, aliyekuwa ameacha brosi juma zima kwa sababu ya damu. Baba yake alikwisha kumunulia mupya, alikuwa nayo mufukoni.