Viza pekee haitoshi: Bima ya afya kwa wazazi wanaozuru ng'ambo

Katika soko la Kebirigo, kaunti ya Nyamira, si jambo geni siku hizi kumkuta mkulima wa majani chai akijiandaa kupanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kwa miongo kadhaa sasa, jamii ya Abagusii imewapeleka wana na mabinti wake kusoma na kufanya kazi ughaibuni, hasa katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako wengi wamefanya makao katika vitongoji vya jiji la Minneapolis kama vile Brooklyn Park. Watoto hao wakishatulia, hutamani wazazi wao wafike angalau mara moja kuwaona wajukuu.

Maandalizi ya ziara kama hiyo yanafahamika na kila mtu. Pasipoti hutafutwa, siku ya mahojiano ubalozini ikangojewa, tikiti ikanunuliwa, na unga wa wimbi ukafungwa vizuri kwa ajili ya wajukuu. Familia nyingine hungoja bonasi ya chai ndipo zikamilishe nauli. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo mara nyingi halipewi nafasi katika vikao hivyo: je, mzazi huyo akiugua akiwa ugenini, nani atakayelipa gharama za hospitali?

Jibu la swali hilo ndilo bima ya afya ya safari. Bima hii ni mkataba wa muda mfupi ambao kampuni huahidi kugharimia matibabu ya dharura ya msafiri kwa siku atakazokuwa nje ya nchi yake, hadi kiwango kilichotajwa katika hati. Mataifa mengine huilazimisha kabla ya kutoa viza. Mengine hayaiulizi kabisa. Kosa ambalo wasafiri wengi hufanya ni kudhani kwamba pale ambapo haiulizwi, haihitajiki.

Mataifa yanayoilazimisha

Sharti linalojulikana zaidi ni la mataifa ya Ulaya yaliyo katika eneo la Schengen, ambayo tangu Januari 2025 yamefika 29. Tangu mwaka 2004, mtu anayeomba viza ya muda mfupi ya kuzuru mataifa hayo, yakiwemo Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uholanzi, hutakiwa kuonyesha bima yenye fidia isiyopungua Euro 30,000, ambazo kwa viwango vya hivi karibuni ni zaidi ya Sh4 milioni. Sharti hilo lilitiwa katika kanuni za viza za Umoja wa Ulaya za mwaka 2009.

Kiasi cha fedha si sharti la pekee. Bima hiyo lazima itambulike katika eneo zima la Schengen, si katika nchi moja tu. Lazima ihudumu siku zote za ziara. Aidha, ni sharti igharimie matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini kwa dharura, kurejeshwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na gharama zinazotokana na kifo. Hati ambayo tarehe zake hazilingani na zile za safari yaweza kukataliwa hata kama fedha zake zinatosha. Kanuni hizo zinamtaka mwombaji anunue bima katika nchi anakoishi inapowezekana, lakini zinamruhusu mtu mwingine, kama vile mtoto wake, kumnunulia kwa jina lake.

Nchini Kanada, kuna viza maalumu kwa wazazi na mababu wa raia na wakazi wa kudumu, iliyoanzishwa Desemba 2011. Anayeiomba hutakiwa kuwa na bima ya afya ya angalau mwaka mmoja yenye kima kisichopungua dola 100,000 za Kanada. Qatar nayo ilianza Februari 2023 kuwataka wageni wote wawe na bima ya afya kwa muda wa ziara yao.

Sharti hilo halipo mbali pekee. Zanzibar, ambako Wakenya wengi huenda kwa mapumziko, ilianza kuwatoza wageni bima ya lazima mnamo Oktoba 1, 2024. Bima hiyo hutolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, ada iliyotangazwa ilikuwa dola 44 za Marekani, na muda wake ni siku 92. Mgeni aliyenunua bima kwingineko haondolewi wajibu huo. Ni vyema kwa raia wa Afrika Mashariki kuulizia mapema viwango vinavyowahusu kabla ya kufunga safari.

Pale ambapo hakuna anayeuliza

Kinyume na Ulaya, Marekani haimtaki mgeni anayeomba viza ya kutembelea jamaa awe na bima ya afya. Afisa wa ubalozi huangalia zaidi kama mwombaji atarejea nyumbani na kama safari yake ina mgharamiaji. Kwa sababu hiyo, mzazi kutoka Kebirigo anaweza kupewa viza, akaruhusiwa kukaa hadi miezi sita, na katika muda huo wote asiulizwe lolote kuhusu bima.

Ajabu ni kwamba hiyo ndiyo nchi ambayo matibabu yake ni ya ghali mno duniani. Siku chache katika chumba cha wagonjwa mahututi, au upasuaji mmoja wa dharura, huweza kuzaa ankara ya makumi ya maelfu ya dola.

Wengine hujipa moyo kwamba hospitali za Marekani haziwezi kumfukuza mgonjwa wa dharura. Hilo ni kweli kwa kiasi. Sheria iliyopitishwa mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye vitengo vya dharura na zinazopokea fedha za mpango wa serikali wa afya ya wazee kumpima kila anayefika na kuituliza hali yake, awe na uwezo wa kulipa au asiwe nao. Lakini sheria hiyo haisemi kwamba matibabu hayo ni ya bure. Ankara hufuata baadaye. Isitoshe, wajibu wa hospitali hukoma hali ya mgonjwa inapotulia. Haiwajibiki kumtibu maradhi ya kudumu mwezi baada ya mwezi.

Wala bima ya mtoto anayefanya kazi kule si kinga ya mzazi. Kwa kawaida bima za waajiri humlinda mfanyakazi, mwenzi wake wa ndoa na watoto, na si mzazi aliyekuja kutembea. Mpango wa serikali wa afya ya wazee nao haumhusu mgeni, hata awe na umri wa miaka 80.

Uingereza pia haimlazimishi mgeni wa muda mfupi kuwa na bima. Hata hivyo, mgeni anayelazwa katika hospitali ya umma nchini humo hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida, isipokuwa kwa huduma chache zinazotolewa bure kama zile za awali katika kitengo cha dharura. Anayeondoka akiwa na deni la pauni 500 au zaidi anaweza kunyimwa viza siku nyingine.

Kadi ya SHA hufika wapi?

Swali jingine linalofaa kufafanuliwa ni kuhusu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Mchango wa SHA humwezesha Mkenya kutibiwa katika hospitali zilizoidhinishwa humu nchini. Mpango wake wa matibabu ya ng'ambo umekusudiwa wagonjwa wanaohitaji huduma zisizopatikana Kenya, tena kwa rufaa na idhini ya mapema. Haukuwekwa kwa ajili ya mtalii aliyeteleza kwenye theluji akavunjika nyonga. Mwenye kadi ya SHA anayesafiri angali anahitaji bima ya safari.

Yaliyo ndani ya hati

Kununua bima ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kuisoma hati yenyewe. Jambo la kwanza la kuangaliwa ni maradhi ambayo msafiri alikuwa nayo kabla ya safari. Wazee wengi wana shinikizo la damu au kisukari, na bima nyingi za safari huyatenga maradhi ya aina hiyo, au huyalipia tu yanapozuka ghafla, tena kwa kiwango cha chini. Mzee anayechagua bima kwa kuangalia bei pekee anaweza kujikuta amelipia kila kitu isipokuwa ugonjwa anaouugua.

Kuficha maradhi hayo si suluhisho. Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu, na kampuni inapogundua kwamba mteja alificha hali yake ya afya, ina haki ya kukataa kulipa. Kumbukumbu za hospitali hazifichiki.

Jambo la pili ni umri. Kampuni nyingi hupunguza kiwango cha fidia na kuongeza ada kwa wasafiri waliozidi miaka 70, na nyingine haziwapokei kabisa wanapofika umri fulani. La tatu ni sehemu ya gharama ambayo msafiri hutakiwa kujilipia kabla ya kampuni kuanza kulipa. Bima ya bei nafuu mara nyingi huwa na sehemu kubwa ya aina hiyo.

La nne ni namna malipo yanavyofanywa. Kuna kampuni zinazoilipa hospitali moja kwa moja, na kuna zinazomtaka msafiri alipe kwanza kisha adai kurudishiwa. Kwa mzazi asiye na dola mfukoni, tofauti hiyo ni kubwa. La tano ni gharama za kumsafirisha mgonjwa hadi nyumbani na, iwapo mauti yatatokea, za kuurejesha mwili. Kwa jamii inayomzika mtu wake katika ardhi ya nyumbani, kipengele hiki hakifai kupuuzwa. Pasipo bima, mzigo huo huangukia harambee, na mara nyingi familia hulazimika kuchangisha Nyamira na Minnesota kwa wakati mmoja huku siku zikiyoyoma.

Jinsi ya kujikinga

Nchini Kenya, kampuni za bima husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA), ambayo huchapisha orodha ya kampuni na mawakala wenye leseni. Msafiri anayeuziwa bima na wakala asiyemfahamu anashauriwa kulitafuta jina lake katika orodha hiyo kabla ya kutoa hata shilingi.

Bima inafaa kununuliwa kabla ya siku ya kuondoka, na tarehe zake zianze siku ya safari yenyewe, kwani ugonjwa huweza kumpata mtu hata akiwa uwanja wa ndege. Nakala moja ya hati ibaki nyumbani, nyingine abaki nayo mwana anayempokea mgeni, na namba ya simu ya dharura ya kampuni iandikwe pamoja na pasipoti. Kampuni nyingi hutaka kuarifiwa mapema mgonjwa anapolazwa, na kuchelewa kufanya hivyo huweza kuathiri malipo. Dawa za kila siku zibebwe za kutosha muda wote wa ziara, zikiwa katika vifungashio vyake pamoja na barua ya daktari.

Ada ya bima ya miezi michache, ikilinganishwa na nauli ya ndege, kwa kawaida huwa sehemu ndogo ya gharama ya safari. Familia iliyomudu tikiti ya kwenda na kurudi haikosi njia ya kuipata. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kikao cha kupanga safari ya mzazi, kabla hakijauliza ni nani atakayempeleka Nairobi, kianze kwa kuuliza hati ya bima yake inasema nini.