Mchana ni saa ngapi?

Tuseme pale Gendabi, chini ya Mlima Hanang, kumebandikwa tangazo: "Mkutano wa hadhara, Jumamosi mchana." Mfugaji anafika saa 5, ng'ombe kamwachia kijana. Mwenye duka anafika saa 9. Kila mmoja anamwona mwenzake hajali muda, na hakuna aliyekosea. Neno lenyewe lina vipimo viwili.

Kipimo kipana ni muda wote tangu jua kuchomoza hadi kuzama, kinyume cha usiku. Ndiyo maana tunasema "usiku na mchana". Kipimo chembamba ni kile kipande cha kati, kuanzia saa 6 hadi kama saa 9. Saa 4 jua linawaka, lakini wengi wetu huiita asubuhi. Saa 10 tayari ni jioni, na Pwani ni alasiri.

Hesabu yetu ya saa imelifuata jua, na huku inafaa: siku ndefu kabisa ya mwaka huizidi fupi kabisa kwa kama nusu saa tu. London, mchana wa Juni hupita saa 16, na wa mwishoni mwa Desemba haufiki 8. Hata hivyo saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari ulio mashariki ya Hanang, kwa hiyo Gendabi jua hufika kileleni, kwa wastani, kama dakika 40 baada ya saa 6.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ndugu yake mchana, neno "kutwa". Asili yake ni kuchwa, yaani jua kuzama. Kimvita, lahaja ya Mombasa, husema kutwa. Mchana kutwa ni mpaka jua litue, kama usiku kucha ulivyo mpaka kupambazuke. Sasa tazama bahasha ya dawa: "1 x 3 kutwa". Aliyeandika anakusudia saa 24. Mama aliyelelewa kwa Kiiraqw au Kibarabaig, na hata Mswahili wa kuzaliwa, anaweza kummezesha mtoto vidonge vitatu kabla ya magharibi, kisha usiku mzima mtoto akalala bila dawa.

Wahudumu wa dawa, nawaomba: kama ni kila baada ya saa 8, andikeni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.