Askari na Chupa: Desturi za Unywaji Hapa Kwetu na Kwingineko

Jioni iingiapo mjini Bujumbura, upepo wa Ziwa Tanganyika unapoanza kupoza mabati ya nyumba za Bwiza na Nyakabiga, viti hutolewa nje ya makabare na watu huanza kuketi. Mteja huagiza Primus au Amstel, na mhudumu huileta chupa ikiwa bado imefungwa. Haifungulii jikoni. Huifungua pale pale mezani, mbele ya macho ya mwenye kuinywa. Mgeni atokaye mbali aweza kudhani kwamba hiyo ni adabu tu ya biashara. Sisi wenyeji twajua kuwa jambo hilo lina asili yake: kwa wazee wetu, mwenyeji aliyemkaribisha mtu kwa pombe alianza yeye mwenyewe kuionja, ili mgeni aone kwa macho kwamba hamna sumu ndani.

Twaanza na habari hiyo kwa kuwa wengi wa wasomaji wa ukurasa huu ni askari jeshi na polisi, watu ambao kazi imewafundisha kukagua kila kitu kabla ya kukiamini. Askari huhesabu risasi zake jioni na asubuhi. Hukagua breki za gari kabla ya kuliondoa. Lakini ni wangapi wamewahi kukaa wakahesabu kilichomo katika chupa moja?

Pombe si mgeni hapa Burundi. Urwarwa hutengenezwa kwa ndizi zilizoiviswa shimoni, zikakamuliwa kwa nyasi, na maji yake yakachanganywa na unga wa mtama ili yachachuke. Impeke ni ya mtama wenyewe, na ndiyo pombe iliyokuwa na heshima kuu, maana mtama ulikuwa na sikukuu yake, Umuganuro, iliyofanywa mbele ya mfalme hata watawala wa Kibelgiji walipoikomesha katika miaka ya 1920. Posa haikunenwa bila pombe. Mtu aliyetawazwa kuwa mmoja wa Bashingantahe, wale wazee wa kuamua kesi na kupatanisha majirani, alipaswa kuwanywesha watu wa kilima chake. Walikunywa kwa mirija kutoka chungu kimoja, kama wanavyofanya Wateso wa Uganda na Kenya na ajono yao mpaka leo.

Chungu kile kilikuwa na faida ambayo twaielewa vizuri zaidi sasa, baada ya kukipoteza. Kilikuwa na mwisho wake. Pombe ilitengenezwa kwa siku kadhaa, ikanywewa na wengi, ikaisha. Na aliyezidisha alionekana na wazee walioketi naye. Chupa haina mwisho, kwani nyuma yake liko kreti, na nyuma ya kreti liko ghala. Kiwanda cha Brarudi kilianzishwa mwaka 1955, na hisa zake nyingi zi mikononi mwa kampuni ya Heineken ya Uholanzi, zilizobaki zikiwa za serikali yetu. Basi dola ni mwenye hisa na tena ndiyo mtoza kodi ya bia. Nasi tunaposema habari za kunywa kwa kiasi, si haki tujifanye kwamba jambo hilo hatulijui.

Sasa tuhesabu. Chupa kubwa ya Primus ina sentilita 72, na nguvu yake ni takriban asilimia 5. Humo mna kileo safi cha gramu 28 hivi. Ini la mtu mzima mwenye afya huweza kuondoa gramu saba hadi kumi kwa saa moja, wala kahawa, maji baridi, au supu ya asubuhi haviliharakishi. Kwa hiyo chupa moja hudai saa tatu au nne. Askari aliyeanza kunywa saa 2 usiku akamaliza chupa tatu, damu yake huwa safi kati ya saa 11 alfajiri na saa 2 asubuhi. Gwaride la saa 12 laweza kumkuta amesimama wima, kofia imenyooka, naye bado ana pombe mwilini. Yeye hajioni mlevi. Amelala, ameoga, amevaa sare. Hata hivyo kidole kilichoko kwenye bunduki, au mguu ulioko kwenye breki ya lori lenye wenzake ishirini nyuma, huchelewa kidogo, na katika kazi hii kidogo hicho ndicho kiuacho watoto yatima.

Majeshi ya mataifa makubwa yalichukua muda mrefu kulikubali jambo hili. Mabaharia wa Uingereza walipewa ramu kila siku tangu karne ya 17, na desturi hiyo ilikomeshwa tarehe 31 Julai 1970 tu, wakuu wao walipoona kwamba mitambo ya manowari za kisasa haipatani na mtu aliyekunywa ramu adhuhuri. Baadhi yao siku hiyo walivaa vitambaa vyeusi vya msiba mkononi. Wamarekani walikuwa wamekwisha piga marufuku pombe ndani ya manowari zao tangu tarehe 1 Julai 1914. Wafaransa walikwenda njia nyingine kabisa: katika vita vya 1914 hadi 1918 askari wao mahandakini walipewa mvinyo kama chakula. Na si ajabu, kwani katika Ufaransa mvinyo ulihesabiwa kuwa chakula hasa. Mwaka 1956 ndipo ulipokatazwa katika vyumba vya chakula vya shule kwa watoto wa chini ya miaka 14.

Urusi ilijaribu kukata kwa upanga. Tsar alizuia vodka mwaka 1914, na hazina yake ikapoteza mapato makubwa katikati ya vita. Gorbachev naye alianza kampeni yake Mei 1985. Mashamba ya mizabibu yaling'olewa, foleni zikarefuka, na sukari ikatoweka madukani kwa sababu watu walikuwa wakiichukua kupika pombe majumbani.

Habari hiyo ya kupika kwa siri yatuhusu sisi moja kwa moja. Hapa tuna kanyanga, iliyokatazwa, ambayo polisi wetu huikamata na kuimwaga. Kenya wana chang'aa, Kongo wana lotoko, Tanzania wana gongo. Hatari yake si ukali peke yake. Mwuzaji mwenye tamaa huongeza methanoli, kileo cha viwandani, nacho kikiingia mwilini hugeuka asidi inayoua mshipa wa macho. Mwezi Novemba mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakabaki vipofu. Mwaka 2010 Kenya iliamua kuiruhusu chang'aa kwa sheria, ili itengenezwe kwa vipimo na kutiwa chupani. Mwaka huo huo, huko Kabale nchini Uganda, waragi yenye sumu iliua makumi ya watu. Polisi aliye doria amwonapo mtu aliyekunywa jana akilalamika leo kwamba macho yake yana ukungu, asimcheke wala asimfungie mahabusu alale. Ampeleke hospitali saa ile ile, kwani dawa ipo, lakini haingoji.

Wako pia wasiokunywa kamwe. Waislamu wa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili chake twakijua sote, huoza binti zao kwa chai, pilau na soda, na hatujapata kusikia kwamba harusi zao hukosa furaha. Askari wetu waliokwenda Somalia tangu Desemba 2007 waliishi katika nchi ambayo pombe imekatazwa na dini ya wenyeji, wakakaa huko miezi mingi kwa zamu. Kazi waliifanya.

Ugumu wa hapa kwetu ni kukataa. Anayenunuliwa chupa na mwenziwe akairudisha huonekana amemrudisha mwenyewe, na kwa watu ambao kesho watategemeana chini ya risasi, hilo si dogo. Tumeona vijana wenye lindo la usiku wakinywa chupa ambayo hawakuitaka, kwa kuogopa tu kuitwa wenye kiburi. Siku moja, katika kabare moja ya Bwiza, tulimwona koplo mmoja mtu mzima akinunuliwa Amstel na meza nzima. Aliishika chupa kwa mikono miwili, akashukuru, akampa jirani yake aliye kushoto, kisha akasema kwamba ana lindo saa 6. Wakacheka kidogo, wakasogeza kiti. Mhudumu akamletea Fanta, akaifungua mbele ya macho yake.