Kafara ya Andy Okeke bado yawagawanya watazamaji Busia na Malaba

KUNA filamu ambazo mtu huzitazama, akazima runinga na kulala. Nyingine humfuata hadi kitandani, na kesho yake zikamfuata hadi sokoni. Filamu ya Nigeria iitwayo Living in Bondage, iliyotoka mwaka wa 1992, ni ya aina hii ya pili. Katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba, mazungumzo kuihusu yakianza kwenye kibanda cha chai au kwenye foleni ya malori, ni nadra kumalizika kwa maafikiano.

Upande mmoja husema kwamba filamu hiyo ni mahubiri tosha dhidi ya tamaa. Upande wa pili hushikilia kwamba ni mwongozo wa uovu uliovikwa joho la kanisa. Mwandishi huyu amewahi kuketi katikati ya makundi hayo mawili kwenye ukumbi wa video mjini Malaba, stima ikapotea wakati mke wa mhusika mkuu alipokuwa akielekea kuuawa, na ubishi uliozuka gizani ulikuwa na uhai kuliko mkanda wenyewe.

Ili kuelewa chanzo cha mgawanyiko huo, yafaa kwanza kukumbuka kisa. Andy Okeke, aliyeigizwa na Kenneth Okonkwo, ni kijana wa mjini Lagos ambaye kila analoligusa haliendi. Wenzake aliosoma nao wana magari na majumba, yeye hana lolote. Hatimaye rafiki yake Paulo anamwingiza katika chama cha siri cha matajiri, ambako anaelezwa kwamba bei ya utajiri ni mtu mmoja tu, na mtu huyo sharti awe yule ampendaye kuliko wote: mkewe Merit.

Andy anasita. Anajaribu kuwadanganya wakuu wa chama kwa kumpeleka kahaba badala ya mkewe, lakini hila hiyo inagunduliwa. Mwishowe Merit anatolewa kafara, naye Andy anaanza kuogelea katika fedha. Hata hivyo, mzuka wa marehemu haumwachi. Unamtokea mbele ya watu wasiouona, unamvurugia raha zake, hadi anarukwa na akili na kuishia jalalani. Anaokolewa na maombi ya kanisani.

Mkanda huo ulitayarishwa na Kenneth Nnebue, mfanyabiashara wa bidhaa za elektroniki, na kuongozwa na Chris Obi Rapu. Ulizungumzwa kwa Kiigbo, ukiwa na tafsiri ya maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na sehemu ya pili ikafuata mwaka wa 1993. Wasomi wengi wa filamu huuhesabu kuwa mlango ambao tasnia ya Nigeria iliupitia kuwafikia watu wa Afrika nzima. Haukupigwa kwenye majumba makubwa ya sinema. Uliuzwa kwa kaseti, kama mtu auzavyo betri au kitambaa.

Sasa turejee kwenye ubishi. Wanaoitetea filamu huelekeza kidole kwenye hatima ya Andy. Je, si kweli kwamba aliyetaka kula vya haramu alikula takataka? Kwao hiyo ndiyo hesabu ya mwisho, na wazazi wengi wa kilokole hawaoni haya kuwakalisha vijana wao mbele ya runinga waitazame.

Wanaoipinga wana hoja nzito zaidi kuliko wanavyodhaniwa. Wao husema: tazama vyema, ndani ya filamu hii kafara inafanya kazi. Merit anakufa, pesa zinakuja. Hakuna mahali mtazamaji anapoambiwa kwamba wakuu wa chama ni matapeli na kwamba damu haiwezi kugeuka kuwa noti. Anachoambiwa ni kwamba pesa hizo ni za kweli ila zina gharama. Kijana aliyekata tamaa, wanasema, hasikii onyo. Husikia kwamba njia ipo.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndiyo sababu makundi haya mawili hayawezi kusikizana. Yote mawili yanakubali kimsingi kwamba nguvu za kiza zipo na zinaweza kumpa mtu mali. Mtazamaji wa tatu, asemaye kwamba mambo hayo ni ya kubuni tu na kwamba filamu hiyo ni hadithi ya taharuki kama hadithi nyingine, huwa mchache na mara nyingi huambiwa anyamaze.

Kwa nini basi kisa cha Lagos kikapata makao mpakani? Jibu moja ni namna mali inavyopatikana huku. Busia na Malaba ni miji ambayo utajiri hauonekani ukiota kama mahindi. Mtu analala akiwa mbeba mizigo, na baada ya misimu michache ana lori. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa katika vivuko hivi, kutokana na waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha abiria na bidhaa kutoka mpaka hadi mpaka. Wapo mabroka wa kubadilisha shilingi za Kenya kwa za Uganda, wapo mawakala wa forodha, na wapo wapitao njia za panya usiku.

Wazee wa eneo hili wanakumbuka vilevile kahawa ya magendo ya miaka ya sabini, wakati wa utawala wa Idi Amin. Bei ya kahawa ilipopanda duniani, magunia kutoka Uganda yalivushwa kwa wingi hadi Chepkube, katika eneo la Bungoma, na watu waliokuwa maskini wakatajirika kwa kipindi kifupi. Baadhi yao walifilisika upesi vilevile. Mahali ambapo mali huja bila jasho kuonekana na huondoka bila kuaga, watu watatafuta maelezo, na filamu ya Nnebue iliwapa maelezo yaliyokuwa tayari yamekamilika: chama, kafara, fedha, wazimu.

Isitoshe, Wakenya walikuwa wameandaliwa. Mnamo 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki. Tume hiyo ilimaliza kazi mwaka wa 1995, lakini ripoti haikuwekwa wazi bungeni hadi 1999. Ilidai kwamba ibada hizo zilikuwepo nchini na zilihusisha hata kafara za binadamu. Wengi waliisoma kama uthibitisho, wengine wakaiona kuwa mkusanyiko wa uvumi. Mikanda ya Nigeria iliposambaa nchini miaka iliyofuata, na baadaye kupata nafasi ya kudumu kwenye vituo vya runinga, ilikuta uwanja umekwishalimwa.

Ingekuwa rahisi kuyachukulia haya yote kuwa soga za jioni. Si soga. Mnamo Septemba 1996, ghasia kubwa zilizuka mjini Owerri, Nigeria, baada ya kubainika kwamba mtoto aliuawa na kichwa chake kukatwa kwa madai ya kafara. Wakazi wenye hasira waliteketeza mali ya watu waliodhaniwa kutajirika kwa njia hiyo. Karibu nasi zaidi, polisi wa Uganda waliunda kikosi maalum cha kukabili mauaji ya kafara mwaka wa 2009, na mnamo 2012 mahakama mjini Masaka ilimfunga maisha mfanyabiashara tajiri kwa kumuua mtoto. Mwaka wa 2021 Uganda ilitunga sheria mahsusi ya kuzuia kafara za binadamu.

Kwa mzazi wa Busia ambaye mwanawe huvuka kwenda kununua sukari upande wa Uganda, filamu hii basi haizungumzii nchi ya mbali. Ndiyo maana anaitazama kwa jicho ambalo mtazamaji wa Nairobi huenda asiwe nalo.

Lakini hofu hiyo ina upanga wa upande wa pili. Mei 2008, katika eneo la Kisii, watu 11 waliteketezwa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wakiwa wakongwe. Hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote dhidi yao. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka wa 1925 enzi za ukoloni, imekuwa ikikataza anayejidai mchawi, lakini haikuwahi kumpa jirani kibali cha kuwasha kiberiti. Wapinzani wa filamu za aina hii huuliza swali ambalo watetezi hulikwepa: mtu akishazoea kuona kwenye kioo kwamba kila tajiri wa ghafla ana maiti chumbani, atamtazama vipi mama mwenye duka aliyefanikiwa kwa kudunduliza? Atamtazama vipi mjane mzee ambaye mumewe alifariki ghafla?

Malalamiko mengine hutoka kwa wale wanaoheshimu tiba za jadi. Miongoni mwa Wateso wa pande zote mbili za mpaka, emuron ni mganga na mpiga ramli ambaye watu humwendea kutafuta afueni, na Waluhya nao hutofautisha mponyaji na mlozi. Wao hulalamika kwamba filamu za Nigeria huwatia wote kapu moja. Kwa haki ya Living in Bondage, shutuma hiyo haiigusi sana, kwa kuwa waovu wake hawavai ngozi wala hirizi. Ni wafanyabiashara waheshimiwa wa mjini. Mikanda iliyoiga mafanikio yake ndiyo iliyojaza vilinge na vibuyu.

Kuna jambo jingine ambalo hubadilisha kabisa maana ya filamu ya kigeni mpakani, nalo ni sauti ya mtafsiri. Uganda ina utamaduni wa kumbi za video, ziitwazo bibanda, ambako mtafsiri hupachika maelezo yake kwa Kiganda juu ya sauti ya waigizaji. VJ Jingo ni miongoni mwa walioipatia kazi hiyo jina. Tanzania nayo ilikuwa na Lufufu, aliyetafsiri kwa Kiswahili, na Kenya ina DJ Afro. Mikanda na sidii za watafsiri wa Uganda hazikusimama kwenye forodha ya Malaba. Zilivuka pamoja na ndizi.

Mtafsiri wa namna hiyo hafuati maneno tu. Hucheka, hukemea, huongeza methali, na penye ukimya hujaza mzaha. Tukio ambalo mwongozaji alikusudia litie hofu laweza kugeuka kuwa kichekesho, na toba ya mhusika ikawa nafasi ya kumsuta. Kwa hivyo watu wawili wanaobishana juu ya filamu moja huenda wametazama filamu mbili. Na ingawa bodi ya kuainisha filamu nchini Kenya ina viwango vyake vya umri, nakala iliyorudufiwa ng'ambo na kuuzwa kando ya barabara haibebi alama yoyote ya kumwonya mzazi.

Mjadala ulipata sura mpya Novemba 2019, pale mwigizaji Ramsey Nouah alipoongoza muendelezo uitwao Living in Bondage: Breaking Free. Safari hii mhusika mkuu ni Nnamdi, mwana wa Andy, ambaye anavutwa na tajiri mwenye haiba aitwaye Richard Williams, aliyeigizwa na Nouah mwenyewe. Mwito ni ule ule: mtoe umpendaye. Mnamo Mei 2020 filamu hiyo iliwekwa kwenye Netflix, katika majira yale yale ambapo malori yalipiga foleni ya makumi ya kilomita kuelekea Malaba, madereva wakingoja kupimwa virusi vya korona.

Vijana wengi huipenda hii ya pili kwa picha zake safi, mavazi, magari na fumbo linalofichuliwa polepole. Wakubwa wao huiona tamu kupita kiasi. Katika ile ya kwanza umaskini wa Andy ulikuwa na harufu, na utajiri wake ulionekana mzito na wenye aibu. Katika muendelezo, utajiri unang'aa kiasi kwamba mtu anaweza kusahau ulikotoka. Nakubaliana na wakubwa katika hili. Hata hivyo, Nouah amefanya jambo moja ambalo Nnebue hakulifanya: ameonyesha kwamba mtoto anaweza kurithi deni ambalo hakulikopa, na watazamaji wa miji yenye familia zilizoinuka na kuporomoka kwa magendo hawahitaji kuelezwa maana ya hilo.

Muendelezo umeamsha pia lalamiko la zamani la wanawake. Andy anarudi ndani yake akiwa mhubiri, Okonkwo akiwa ameivaa tena nafasi hiyo baada ya zaidi ya miaka 25. Amesamehewa, ana waumini, anashika Biblia. Hakuna mahakama iliyomwita kujibu juu ya kifo cha mkewe. Akina mama huuliza ni msamaha gani huo uliotolewa bila marehemu kuulizwa, na wanaume walio karibu hujibu kwamba Mungu ndiye hakimu.

Hapo ubishi huanza upya, kwa sababu mzuka wa Merit, uliomtesa Andy kwa mikanda miwili, hauonekani tena akimuuliza mhubiri huyo chochote.